Kituo Kipi Kwanza? Karne ya Ngazi na Lifti Chini ya New York

Mwaka 1894 mhandisi William Barclay Parsons alitumwa Ulaya akaone jinsi miji ya huko inavyosafirisha watu wake. London alikuta treni zikipita chini sana kwenye udongo wa mfinyanzi, abiria wakiteremshwa na kupandishwa kwa lifti. Aliporudi New York aliamua kwamba reli yake itakaa karibu na uso wa barabara kadiri inavyowezekana. Vibarua wangefukua barabara, wangejenga handaki la chuma na zege, kisha wangeifunika barabara juu yake. Kituo kikiwa hapo juu, abiria angeteremka ngazi chache tu na kuingia kwenye treni. Lifti ya nini?

Vituo 28 vya mwanzo vilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904. Nauli ilikuwa senti tano. Kuta zilipambwa kwa vigae vya rangi, na baadhi ya vituo vilipewa alama ya pekee. Kituo cha Astor Place, kwa mfano, kilichorwa biva akiguguna mti, kwa kuwa biashara ya ngozi za mnyama huyo ndiyo iliyomtajirisha John Jacob Astor. Ni pale tu njia ilipopita chini ya vilima vya kaskazini mwa Manhattan ndipo wajenzi walipolazimika kuweka lifti. Kituo cha 191st Street, kilichofunguliwa mwaka 1911, kiko takriban mita 55 chini ya barabara na ndicho cha chini kuliko vyote. Hata hapo lifti inakufikisha kwenye ukumbi wa juu ya reli, halafu zinakungoja ngazi nyingine za kushukia jukwaani.

Kwa mtu mwenye miguu mizima uamuzi wa Parsons ulikuwa wa busara. Kwa asiyeweza kupanda ngazi ulikuwa mlango uliofungwa, na kampuni zilizokuja baadaye zilijenga kwa mfano uleule, kitongoji baada ya kitongoji, mpaka jiji likawa na mojawapo ya reli zenye vituo vingi zaidi duniani. Leo vipo 472. Hakuna serikali inayoweza kukarabati vituo 472 kwa mkupuo, kwa hiyo lazima vipangwe foleni. Ninaisimulia historia ya foleni hiyo kwa sababu ndani yake unaona wazi ni abiria gani aliyehesabiwa, na ni nani aliyechukuliwa kana kwamba hayupo.

Nauli ya senti tano haikupanda hadi mwaka 1948. Wanasiasa waliogopa kuigusa, maana hakuna lililowaudhi wapiga kura kama nauli kupanda, na fedha za matengenezo zikawa za kuungaunga. Mwaka 1940 jiji lilizinunua kampuni mbili binafsi zilizokuwa zikiendesha sehemu kubwa ya reli. Mwaka 1953 ikaundwa mamlaka maalumu ya usafiri, na mwaka 1968 mamlaka hiyo ikawekwa chini ya chombo cha jimbo kinachoitwa MTA. Wasimamizi walibadilika, uchakavu ukabaki. Jiji lilipokaribia kufilisika mwaka 1975, kazi yoyote ambayo ingeweza kungoja iliambiwa ingoje, na kazi za namna hiyo huwa hazikosekani: kupaka rangi nguzo, kuziba paa linalovuja, kubadilisha taa, kurudishia kigae kilichodondoka. Ukiziacha zote kwa miaka kumi, kituo kizima kinaoza.

Mwaka 1979 uenyekiti wa MTA ulichukuliwa na Richard Ravitch, mtu aliyetoka kwenye biashara ya ujenzi. Ravitch alijua kwamba jengo lisilotunzwa hukudai fedha nyingi zaidi kila mwaka unaopita. Novemba 1980 ofisi yake ilitoa hesabu iliyowashtua wanasiasa: mfumo ulihitaji dola bilioni 14 katika miaka kumi ili ushike hali ya kuridhisha. Wakati huo behewa lilikuwa likienda wastani wa chini ya kilomita 11,000 tu kabla ya kuharibika. Milango iligoma kufungika, breki zilishika moto, na treni zililazimika kutambaa palipokuwa na reli mbovu. Mwaka 1981 bunge la jimbo likaikubalia MTA kukopa kwa kiwango ambacho halikuwahi kukiruhusu, na mwaka 1982 mpango wa kwanza wa miaka mitano ukaanza.

Fedha zilipopatikana, ubishi ukawa ni wapi zianzie. Vituo vilinuka mkojo, vilikuwa na giza, na ndivyo abiria alivyoviona kila siku. Lakini Ravitch na waliomfuata, Robert Kiley kwenye uenyekiti na David Gunn aliyekuja mwaka 1984 kuongoza uendeshaji wa treni, waliweka mabehewa, reli na ishara mbele. Hoja yao ilikuwa kwamba kituo kibovu kinakera lakini treni mbovu inaua, na kwamba haina maana kumpambia mtu jukwaa ambalo treni haifiki. Kwa hilo nakubaliana nao. Gunn aliweka pia sharti kwamba behewa lililokwisha kusafishwa lisirudi tena relini likiwa na michoro ya vijana wa mitaani, na tarehe 12 Mei 1989 behewa la mwisho lililochorwachorwa liliondolewa. Vituo vilipata kilichobaki. Vichache vilichaguliwa kuwa vya mfano, vingine vikaambiwa zamu yao itafika.

Hapo ndipo walipoingia watu ambao hesabu za wahandisi hazikuwa na safu yao.

Tangu mwaka 1970, wakati Judith Heumann na wenzake walipounda kikundi cha Disabled in Action jijini humo, watu wenye ulemavu walikuwa wakipiga kelele juu ya shule, ajira na usafiri. Mwaka 1972 walizuia magari katika barabara ya Madison. Halafu mwaka 1979 chama cha askari wa zamani waliopooza, Eastern Paralyzed Veterans Association, kikaipeleka MTA mahakamani. Silaha yao ilikuwa sheria ya jimbo iliyotaka jengo la umma likifanyiwa ukarabati mkubwa liwekewe pia njia ya kuingilia watu wenye ulemavu. Hoja ya wanasheria wao, akiwamo kijana aliyeitwa James Weisman, haikuhitaji ufundi mwingi. Kituo cha treni ni jengo la umma. Fedha za ukarabati zimepatikana. Basi kila kituo kitakachobomolewa na kujengwa upya kiwekwe lifti.

MTA ilishtuka, maana hoja hiyo ilikuwa inapindua foleni nzima. Kituo ambacho kingehitaji vigae, taa na rangi sasa kingedai mashimo ya lifti, mitambo na umeme mpya. Meya Edward Koch alipinga waziwazi. Kwake idadi ya watu ambao wangetumia lifti ilikuwa ndogo mno kulinganisha na gharama, na usafiri wa kuwafuata watu mlangoni ungekuwa wa bei nafuu zaidi. Lakini mtu asiyeweza kuingia kituoni hawezi kuonekana kwenye takwimu za abiria wa kituo hicho. Ukimpima kwa idadi ya safari zake za chini ya ardhi utapata sifuri, na sifuri hiyo umeitengeneza wewe mwenyewe kwa ngazi zako. Koch alikuwa mtetezi mkali wa fedha za jiji, na jiji lilikuwa ndiyo kwanza linanusurika kufilisika. Hata hivyo naona hesabu yake ilikuwa na kasoro hiyo tangu mstari wa kwanza.

Mahakama ikasimamisha kazi katika vituo kadhaa, na mvutano ukaisha mwaka 1984 kwa makubaliano yaliyotiwa katika sheria iliyosainiwa na Gavana Mario Cuomo. MTA ilikubali kuweka lifti katika vituo 54, kununua mabasi yenye vifaa vya kupandishia viti vya magurudumu, na kuanzishwa kwa usafiri wa mlango hadi mlango. Nayo ikapata ilichokitaka: vituo vingine vingeweza kukarabatiwa bila lifti. Waliosaini upande wa askari wa zamani walijua wanachokiacha. Walikuwa wameanza na sifuri, na vituo 54 vilikuwa vituo ambavyo mtu angeweza kuviingia katika uhai wake.

Astor Place inaonyesha jinsi makubaliano yale yalivyofanya kazi. Katikati ya miaka ya 1980 kituo hicho kilikarabatiwa kwa upendo mkubwa. Biva wa udongo walisafishwa na kuachwa mahali pao, kuta zikapata vigae vipya na michoro ya msanii Milton Glaser, na juu barabarani pakawekwa kibanda cha chuma cha mtindo wa 1904. Ni kazi nzuri, na wapenzi wa majengo ya kale wanaisifu kwa haki. Chini ya kibanda hicho ngazi ziliachwa zilivyokuwa, na mwenye kiti cha magurudumu akabaki juu akikitazama.

Julai 26, 1990 Rais George H. W. Bush alisaini sheria ya taifa ya haki za watu wenye ulemavu. Bunge la Marekani lilijua kwamba reli za kale kama za New York, Chicago, Boston na Philadelphia haziwezi kubadilishwa mara moja, kwa hiyo likatumia njia ya vituo muhimu. Kanuni zilieleza kituo muhimu ni kipi: chenye abiria wanaozidi wastani wa vituo vyote kwa asilimia 15 au zaidi, cha kubadilishia treni, cha kuunganisha na mabasi au reli nyingine, cha mwisho wa njia, au kilicho jirani na hospitali, chuo, ofisi za serikali na sehemu nyingine zinazokusanya watu. Kwa kawaida kazi ilitakiwa iishe mwaka 1993. Pale palipohitaji ujenzi mzito, muda uliweza kusogezwa hadi 2020. New York ikarefusha orodha yake ya 54 hadi vituo 100, ikachukua muda wote ulioruhusiwa.

Vigezo hivyo vilikuwa na mantiki, na vilisaidia. Lakini tazama vinachofanya kwenye ramani. Vinavuta lifti kwenda Times Square, Grand Central na makutano mengine makubwa ya Manhattan, na kuacha kanda ndefu za Brooklyn, Queens na Bronx bila kituo hata kimoja chenye lifti. Mtu wa kiti cha magurudumu angeweza kushuka Times Square kwa raha, mradi awe na mahali pa kupandia. Safari ina ncha mbili, na ncha ya nyumbani mara nyingi ni kituo kidogo cha mtaani ambacho hakitafikisha ile asilimia 15 maisha yake yote.

Ugumu wa kazi yenyewe ni wa kweli, na si haki kuupuuza. Vituo vingi vya mtaani vina majukwaa mawili, moja kila upande wa reli. Lifti moja haitoshi: unahitaji moja kwa wanaokwenda mjini na nyingine kwa wanaorudi, au tatu ikiwa kuna ukumbi wa tiketi katikati. Majukwaa ya mwaka 1904 ni membamba kiasi kwamba ukiweka kisanduku cha lifti, njia ya mtu kupita salama inakwisha. Juu yake, pale Parsons alipofukua, pamejaa mabomba ya maji, gesi, majitaka na nyaya za kila kampuni, na kila bomba lina mwenyewe anayetaka lihamishwe kwa ratiba yake. Wakati mwingine ukuta wa ghorofa ya jirani umekaa juu ya paa la kituo. Mkandarasi akimaliza kuhamisha mabomba, fedha nyingi zimekwisha na hajachimba shimo la lifti.

Ukarabati wa kawaida nao ulikuwa unasuasua. Kwa miaka karibu thelathini MTA ilikuwa ikichukua kituo kimoja kimoja na kukitengeneza chote, kuanzia sakafu hadi dari. Ilipofika mwaka 2010 karibu nusu ya vituo ndivyo vilivyokuwa vimefikiwa, na vile vya miaka ya 1980 vilikuwa vimeanza kuchakaa tena. Wakabadili utaratibu. Wahandisi walipita kila kituo wakikipa kila kipande chake alama kutoka 1 hadi 5: ngazi hii, ukingo wa jukwaa lile, nguzo, paa, dari. Badala ya kungoja zamu ya kituo kizima, kipande kilichooza zaidi kingetengenezwa kwanza popote kilipo. Mimi naupenda utaratibu huo, kwa sababu unamlinda abiria asianguke kwenye ngazi iliyomomonyoka huku kituo cha jirani kikipakwa rangi. Udhaifu wake ni kwamba unaweza kupima kilichopo tu. Ngazi inapata alama ya ubovu. Lifti ambayo haijawahi kujengwa haina alama.

Hata kwa utaratibu huo mpya, taasisi moja ya wachambuzi wa bajeti ilikadiria mwaka 2015 kwamba kwa mwendo ule vituo vyote vingekuwa katika hali nzuri mwaka 2067.

Kabla ya hapo bahari ilikuwa imekuja na orodha yake. Usiku wa Oktoba 29, 2012 kimbunga Sandy kilisukuma maji ya bandari hadi ncha ya kusini ya Manhattan, na maji yakaingia South Ferry, kituo kilichofunguliwa Machi 2009 kwa gharama ya dola milioni 545. Kilikuwa na lifti, ngazi za umeme na jukwaa lililonyooka lenye nafasi ya treni nzima. Maji ya chumvi yalikijaza kutoka relini hadi ukumbi wa tiketi. Chumvi ikiingia kwenye ishara na nyaya haitoki kwa kukausha. Kila kitu kinapaswa kung'olewa.

Uamuzi uliotakiwa hapo ulikuwa mgumu, na naona ulifanywa kwa akili. Pembeni yake palikuwa na kituo kikuukuu cha mwaka 1905, cha mviringo, kilichofungwa mwaka 2009 mara kipya kilipofunguliwa. Jukwaa lake limepinda mno, na ni mabehewa matano tu ya mbele ndiyo yaliyoweza kufungua milango. Badala ya kuwaacha maelfu ya abiria wa kivuko cha Staten Island bila treni kwa miaka, MTA ilikifufua kile kizee Aprili 2013 na kujipa muda wa kukijenga upya kipya. Mwenye miguu mizima na haraka zake alipata treni yake baada ya miezi mitano. Lakini kituo kile cha mviringo kilikuwa cha ngazi tupu. Mwenye kiti cha magurudumu aliyeshuka kwenye kivuko alilazimika kujiendesha hadi Bowling Green kutafuta lifti, na ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka minne. Ukarabati wa kituo kipya uligharimu zaidi ya dola milioni 300.

South Ferry ilifunguliwa tena Juni 27, 2017. Asubuhi ya siku hiyohiyo treni ya A iliacha reli karibu na 125th Street huko Harlem, watu zaidi ya 30 wakaumia, na mamia wakatembea kwa miguu gizani ndani ya handaki lenye moshi. Siku mbili baadaye Gavana Andrew Cuomo, mwana wa yule aliyesaini makubaliano ya 1984, alitangaza hali ya dharura katika reli ya jiji.

Cuomo huyu alikuwa na orodha yake ya vituo. Januari 2016 alikuwa ametangaza kwamba vituo zaidi ya 30 vingefungwa kabisa, kila kimoja kwa miezi kadhaa, ili mkandarasi afanye kazi usiku na mchana bila kuzuiwa na abiria, kisha vifunguliwe vikiwa na taa mpya, skrini za habari, sehemu za kuchajia simu, vioo na vigae. Kufunga kituo kabisa ni wazo lenye manufaa, kwa kuwa kazi za kuvizia usiku na mwishoni mwa wiki hula fedha na miaka. Cha kwanza, 53rd Street huko Brooklyn, kilirudi Septemba 2017 kikiwa kinang'aa.

Watu wa Astoria, Queens, ndio walioona upande wa pili. Kule reli inapita juu ya nguzo za chuma, na ngazi ni ndefu. Tangu Oktoba 2017 vituo vinne mfululizo vilifungwa viwili viwili: 30th Avenue na 36th Avenue, halafu Broadway na 39th Avenue. Wenye maduka chini ya nguzo walipoteza wateja kwa miezi. Karibu na 30th Avenue ipo hospitali ya Mount Sinai Queens. Kituo kilifungwa miezi minane, kikavuliwa hadi mifupa, kikajengwa upya, na kilipofunguliwa Juni 2018 hakikuwa na lifti. Mgonjwa, mzee mwenye mkongojo na mama mwenye kigari cha mtoto walikuta ngazi mpya, nzuri, zenye taa. Lifti zilipangiwa Astoria Boulevard, kituo kingine cha njia hiyo, ambacho nacho kilifungwa kwa zamu yake mwaka 2019.

Januari 2018 wajumbe wa jiji katika bodi ya MTA, wakiongozwa na kamishna wa usafiri Polly Trottenberg, walikataa kupitisha mkataba wa vituo vingine vinane vya mpango huo. Walitaka kujua vilichaguliwaje, na kwa nini fedha ziende kwenye vituo ambavyo havikuwa vibovu kuliko vingine, katika mwaka ambao treni zenyewe zilikuwa zinakwama. Mkataba uliahirishwa, ukapita Februari. Mwishowe fedha zilizotengwa kwa vituo zaidi ya 30 ziliishia kwenye vituo takriban 20.

Julai mwaka huo mkaguzi wa fedha wa jiji, Scott Stringer, alitoa ripoti iliyogeuza swali. Hakuhesabu vituo, alihesabu mitaa. Kati ya mitaa 122 inayofikiwa na treni za chini ya ardhi, 62 haikuwa na kituo hata kimoja chenye lifti. Nusu ya ramani ilikuwa tupu.

Wakati huo MTA ilikuwa imemleta Andy Byford, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika reli za London, Sydney na Toronto, aongoze treni na mabasi ya jiji. Mei 2018 alichapisha mpango wake, na ndani yake mlikuwa na sentensi ambayo kwangu ni muhimu kuliko mabilioni yaliyoizunguka: katika miaka mitano viongezwe vituo 50 vyenye lifti, vikipangwa ili abiria yeyote asiwe mbali na kituo chenye lifti kwa zaidi ya vituo viwili. Kwa miaka 28 kipimo kilikuwa ukubwa wa kituo. Sasa kipimo kikawa umbali wa mtu kutoka kwenye lifti, na kituo kidogo katikati ya pengo refu kilipanda foleni kwa sababu ya pengo lenyewe. Mwezi uliofuata Byford alimteua Alex Elegudin, mwanasheria anayetumia kiti cha magurudumu, kuwa mshauri mkuu wa masuala hayo. Vigezo vingine viliwekwa wazi pia: idadi ya abiria, makutano ya njia, idadi ya wazee na watu wenye ulemavu na wenye kipato kidogo wanaoishi karibu, hospitali na shule, na ugumu wa ujenzi. Mpango wa uwekezaji wa 2020 hadi 2024 ukatenga dola bilioni 5.2 kwa vituo 70, yaani zaidi ya dola milioni 70 kwa kituo kwa wastani.

Mahakama nazo zilikuwa zinasogea. Mwaka 2013 na 2014 kituo cha Middletown Road huko Bronx kilikuwa kimefungwa kwa miezi kadhaa na kujengewa ngazi mpya bila lifti. Wakazi wenye ulemavu walishtaki, serikali kuu ikaungana nao, na Machi 2019 Jaji Edgardo Ramos akaamua kwamba MTA ikikarabati kituo kwa namna inayobadilisha matumizi yake, lazima iweke lifti bila kujali gharama, isipokuwa ikithibitika kwamba kitaalamu haiwezekani. Ile ruhusa ya kupamba vituo huku ngazi zikibaki zilivyo ikafika mwisho.

Byford aliondoka mapema mwaka 2020, na miezi michache baadaye ugonjwa wa korona ulikuwa umepunguza abiria kwa zaidi ya asilimia 90. Mpango wake ulimzidi umri wa kazi. Juni 2022 MTA na vyama vya watu wenye ulemavu walifikia makubaliano ya kesi mbili za mwaka 2017: asilimia 95 ya vituo viwe vinaingilika ifikapo 2055. Ratiba imeandikwa kwa namba, vituo 81 viwe vimeanza kufanyiwa kazi kufikia 2025, vingine 85 kufikia 2035, na 90 katika kila muongo wa miwili inayofuata.

Ratiba ya namna hiyo hutegemea fedha, na fedha zilitarajiwa kutoka kwenye tozo ya magari yanayoingia katikati ya Manhattan. Gavana Kathy Hochul alipoisimamisha tozo hiyo Juni 2024, majuma machache kabla ya kuanza, MTA ililazimika kusogeza mbele kazi za dola bilioni 16.5, na lifti za vituo 23 zilikuwa miongoni mwake. Vyama vya watu wenye ulemavu vilirudi mahakamani. Tozo ilianza hatimaye Januari 5, 2025, dola 9 kwa gari dogo saa za mchana, na lifti zikarudi kwenye orodha. Mpango wa 2025 hadi 2029 ukaongeza vituo visivyopungua 60.

Aliyekuwa na miaka 30 wakati askari wale wa zamani walipofungua kesi yao mwaka 1979, akiwa hai mwaka 2055 atakuwa na miaka 106. Vyama vya watu wenye ulemavu vimeshajipanga kwa hilo: makubaliano ya 2022 yanaitaka MTA itoe taarifa ya maendeleo ya kila hatua, na wanasheria watakaozisoma taarifa za mwisho huenda wakawa watu ambao wakati Astor Place inapata vigae vyake vipya walikuwa hawajazaliwa.